Weupe wa maua ya njegere ulijificha wapi?

SWALI: Nilichavusha njegere za maua ya zambarau kwa chavua ya njegere za maua meupe. Kizazi cha kwanza chote kikatoa zambarau. Nilipopanda mbegu zake, mashina 5 kati ya 22 yakachanua meupe. Je, mbegu zimechanganyika? – Msomaji, Tengeru, Arusha

JIBU: Hapana, ndugu msomaji, hesabu yako ni nzuri kabisa. Kila shina lina nakala mbili za jeni (chembe ya urithi) ya rangi, moja kutoka kwa kila mzazi. Jeni ya zambarau hutawala, kwa hiyo nakala yake moja inatosha. Ile ya weupe hufichika mpaka zikutane mbili, kwa wastani mara moja kati ya nne. Gregor Mendel, mtawa wa karne ya 19 aliyechunguza urithi kwa njegere, alipata mashina 705 ya zambarau na 224 meupe.

Meupe yako tayari ni mbegu safi, yaani yatazaa meupe tu. Kazi iko kwenye kupata zambarau safi: mawili kati ya matatu yamebeba weupe, na kwa macho huwezi kuyatambua. Vuna kila shina kwenye bahasha yake, kisha panda mbegu 16 za kila bahasha kwenye mstari wake. Likitokea ua jeupe hata moja, usitumie mbegu za bahasha hiyo. Uwezekano wa shina lililobeba weupe kutoa mstari wote wa zambarau ni kama asilimia 1 tu. Wengi huharibu hapa kwa kumimina mavuno yote kwenye debe moja.

Usihangaike kufunika maua. Njegere hujichavusha kabla ua halijafunguka. Ndiyo maana, ukitaka kuchanganya tena, stameni (sehemu za kiume zenye chavua) zitolewe kwa kibano ua likiwa bado tumba. Likishachanua, umechelewa.