Kaunta ya mbao jikoni: vanishi au mafuta? Yaliyonikuta Tanga

Mkuu, somo hili mimi nimelilipia ada. Umesema unajenga Bagamoyo, kaunta ya jikoni ni ya mninga, fundi anataka apige vanishi kama anavyopiga milango, na shemeji yetu hataki kitu kitakachobanduka. Niko upande wa shemeji. Ila mafuta nayo yana kero zake, na muuza duka hatakwambia.

Yangu ni ya mtiki wa Longuza, hapo Muheza, mbao nne zimeungwa kwa gundi. Nakaa Chumbageni. Fundi alipiga sila ya kuziba vinyweleo vya mbao, kisha vanishi ya kupuliza, mikono minne. Ilipokauka uliweza kuchania nywele juu yake. Haukupita muda, nikaona karibu na bomba kuna weupe mdogo. Nikaugusa kwa ukucha, ukanyanyuka kama ganda la kitunguu, na chini yake mbao imelowa. Maji hayakupenya juu. Yaliingilia pale tundu la sinki lilipokatwa, kwenye kichwa cha ubao, yaani pale nyuzi zilipokatwa, ambapo fundi hakupaka kitu kwa sababu hapaonekani. Kichwa cha ubao kinakunywa maji kuliko uso wake, na yakishaingia, vanishi hiyohiyo inayafungia ndani. Masika ilipoisha, upande wa sinki vanishi imekuwa Tanga kweli, waja leo waondoka leo. Upande wa jiko nako sufuria la wali liliacha duara jeupe, maana vanishi ile haiwezi moto.

Kubanduka ningekuvumilia. Kilichonichosha ni kwamba huwezi kupaka kiraka pale tu, kitaonekana mpaka kesho. Unakwangua kaunta nzima. Nilipiga msasa namba 80, 120, kisha 180, siku mbili, vumbi mpaka kwenye sukari.

(Mtiki una mafuta yake ya asili. Usipoufuta kwa tina, ile ya kuzimulia rangi, kabla ya kupaka, vanishi haishiki vizuri. Wewe wa mninga hilo halikuhusu sana.)

Basi nikahamia mafuta. Shangazi akashauri ya nazi, yapo tele na hayana gharama. Usithubutu. Mafuta ya nazi hayakaukii kwenye mbao, yanabaki yananata, na baadaye yanachacha. Jikoni kwangu kulinuka kama kopo la mafuta ya nywele lililosahaulika juani. Mjomba mmoja, mtu wa majahazi, yeye alitaka nipake sifa, yale mafuta ya samaki, kama wanavyopaka vyombo vyao. Sifa ya papa inafanya kazi nzuri kwenye jahazi, lakini jahazini hakuna mtu anayesukuma chapati juu ya ubao.

Ninayotumia mpaka leo ni mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, ya kuchemshwa. Hayo yanakauka kwa kuvuta hewa ya oksijeni na kugeuka kuwa kigumu ndani ya mbao. Yale mabichi hukauka polepole mno, hasa kwa unyevu wetu wa pwani. Ya kuchemshwa, pamoja na jina lake, mengi ya madukani yamewekewa tu dawa za madini za kuharakisha kukauka, kwa hiyo yaache yakauke kabisa kabla hujaweka chakula.

Mkono wa kwanza changanya na tapentaini nusu kwa nusu ili yazame. Acha dakika ishirini, kisha futa yote yaliyobaki juu. Narudia, futa yote! Ukiacha, yanaganda kama gamu na vumbi linanasa. Kesho yake mkono mwingine, bila tapentaini, na mwingine tena. Mimi nilipiga mitano, vichwa vya mbao saba.

Matambara sasa. Tambara lenye linsidi likikunjwa na kutupwa kwenye kona linajipasha moto lenyewe mpaka linawaka, bila kiberiti. Nilidhani ni hadithi mpaka nilipoinua langu kwenye ndoo, limekunjamana, nikakuta katikati lina joto kama chai. Yaanike yakiwa yametandazwa, au yaloweke kwenye maji.

Kero ya mafuta ni hii: hayazuii maji kama vanishi. Maji yakituama usiku kucha yanaacha alama. Kikaango cha chuma kilicholowa kiliniachia duara jeusi kama wino, kwa sababu mbao hizi zina tanini, na tanini ikikutana na chuma na maji inageuka nyeusi. Ndimu ilipunguza kidogo, msasa ukamaliza, nikapaka mafuta pale pale tu, na leo huwezi kupaona. Vanishi isingenipa nafasi hiyo.

Kujua kama mafuta yameisha, dondosha maji. Yakisimama kama shanga, bado. Yakitandaa na ubao ukawa mweusi, paka mkono mmoja. Kwangu karibu na sinki ni kila miezi mitatu hivi, kwingine mara moja kwa mwaka.

Kibao cha kukatia usikipake linsidi. Nenda duka la dawa uliza likwidi parafini, ile ya kulainisha choo. Haikauki lakini haichachi. Sema jina lote vizuri, usije ukarudi na mafuta ya taa.

Kama shemeji hayuko tayari kufuta maji kila jioni, zungushia sinki terazo na mbao uiache sehemu kavu. Ningekuwa najenga upya ningefanya hivyo.

Na kabla fundi hajaifunga hiyo kaunta, mwambie aigeuze apake na chini, idadi ileile ya mikono. Uso mmoja ukinywa unyevu na mwingine usinywe, ubao unapinda.