Petunia zako hazina njaa, zinazama: ninavyohamisha maua ya msimu mmoja

Pole dada kwa miche yako. Umesema uliitoa petunia kwenye trei ya vitundu ikiwa na majani manne, ukaipanda moja kwa moja kwenye vyungu vya upana wa sentimita 30 ili usiisumbue tena. Sasa ni wiki ya tatu, majani ya chini yamekuwa ya manjano, mche umedumaa, na udongo bado umelowa. Wenzetu wawili wamekushauri uongeze mbolea. Nakuomba usiongeze. Mimi niliongeza, na nikapoteza miche.

Ilikuwa msimu wangu wa pili wa kupanda maua. Nilikuwa na miche 12 ya petunia, na nilifikiri kama wewe: mmea huu utakuwa mkubwa, basi niupe nafasi yake yote tangu mwanzo. Manjano yakaja, nikatia mbolea ya maji, na siku nne baadaye miche mitano ikalala. Niliung'oa mmoja nikauangalia kwa makini. Ncha za mizizi zilikuwa za kahawia, na nilipovuta mzizi mmoja kwa vidole viwili, ganda lake lilichomoka kama soksi, ukabaki uzi mwembamba wa katikati. Udongo wa kitakoni ulinuka kama maji ya maua yaliyokatwa yakasahauliwa wiki nzima. Hapo nikaelewa kwamba mmea haukukosa chakula. Ulikosa hewa.

Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na hewa hiyo hukaa katika nafasi ndogondogo kati ya chembe za udongo. Ukimwagilia, nafasi hizo hujaa maji. Mmea ukinywa na maji mengine yakikauka, hewa hurudi. Mche wenye mizizi ya kujaa kijiko hauwezi kunywa maji ya chungu cha sentimita 30. Piga hesabu uone: ukiongeza upana na kina cha chungu mara mbili, udongo unaongezeka mara nane. Kutoka kitundu cha sentimita 4 hadi chungu cha 30, vikiwa na umbo moja, ni zaidi ya mara 400! Udongo wote ambao mizizi haijaufikia unabaki umelowa siku nyingi, na vimelea vya kuozesha mizizi hupenda mahali kama hapo. Majani yanageuka manjano kwa sababu mizizi iliyoharibika haiwezi kuchukua chakula hata kikiwapo tele. Ukiongeza mbolea, chumvi zake zinaichoma ile michache iliyobaki.

Kuhusu kokoto ulizoweka chini ili maji yatoke haraka, ziondoe. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ulowe kabisa. Kwa hiyo lile tabaka la tope ambalo lingekaa kitakoni umelipandisha juu, karibu zaidi na mizizi. Kipande kidogo cha wavu juu ya tundu kinatosha kuzuia udongo usimwagike.

Mimi sasa nahamisha kwa hatua. Kutoka kwenye trei mche unaingia chungu cha sentimita 8 au 9, kisha cha 13 au 14, kisha cha 20 hadi 25 ambamo utachanua na kumaliza maisha yake. Sipimi kwa rula. Naweka bonge la mizizi ndani ya chungu kipya, na pengo la kila upande likitosha vidole viwili nimeridhika. Likitosha kiganja, chungu ni kikubwa mno.

Wakati wa kuhamisha, mmea wenyewe unasema. Jozi mbili za majani halisi zikishatoka, ukiacha yale mawili ya kwanza ya mbegu, mche uko tayari kutoka kwenye trei. Baada ya hapo mimi huinua chungu mkononi. Kile nilichokimwagilia asubuhi, na ikifika jioni tayari ni chepesi, mizizi yake imejaa. Kisha nahakikisha kwa kukitoa: naweka shina katikati ya kidole cha shahada na cha kati, kiganja kikifunika udongo, napindua chungu na kugonga ukingo wake mara moja kwenye kona ya meza. Bonge likitoka zima, limefunikwa na nyuzi nyeupe lakini udongo bado unaonekana katikati yake, siku ndiyo hiyo. Likimomonyoka, narudisha na kungoja siku kadhaa. Mizizi ikiwa imejizungusha kama kamba hadi udongo hauonekani, nimechelewa, na lazima niitenganishe kwa vidole pande zote kabla ya kupanda, la sivyo itaendelea kuzunguka palepale hata ndani ya chungu kipya.

Kuchelewa huku ndiko ambako watu hawakuogopi vya kutosha. Mmea wa kudumu ukibanwa mwaka huu, mwakani unaweza kujirekebisha. Ua la msimu mmoja lina maisha mamoja tu: huota, huchanua, hutoa mbegu, hufa. Likibanwa na kupata kiu kila siku, linaharakisha kazi yake. Nimewahi kuacha merigoldi kwenye trei wiki tatu zaidi ya inavyofaa, zikachanua zikiwa na kimo cha kidole, ua moja dogo juu ya shina gumu. Nilizihamishia chungu kizuri, nikazimwagilia, nikazilisha, lakini nusu yake hazikuwa tena na nguvu ya kutoa matawi. Sasa nikikuta mche mdogo una tumba, nalikata siku ninayouhamisha, hata kama roho inauma. Petunia huchukua takriban wiki 10 hadi 12 tangu mbegu hadi ua la kwanza, na wiki hizo ndizo za kujenga mizizi. Hatua ya mwisho iwe imekamilika kabla matumba hayajawa mengi. Mmea uliokwisha kuchanua sana mimi siuhamishi kabisa. Nakwangua sentimita 2 za udongo wa juu, naweka mboji, naendelea kuulisha na kuondoa maua yaliyonyauka.

Siku ya kuhamisha, mwagilia mche saa moja au mbili kabla, kwa sababu bonge kavu linapasuka na kukata mizizi midogo. Ukiutoa mche mchanga kwenye trei, ushike kwa jani, usiushike kwa shina. Jani likichanika litaota jingine, shina likibonyezwa halina mbadala. Udongo wa bustani peke yake usiutumie, maana ndani ya chungu hushikana kama tofali. Mimi nachanganya makumbi ya nazi yaliyosagwa, mboji iliyoiva vizuri na mchanga mnene. Usiushindilie, gonga chungu chini mara mbili ujishikilie wenyewe, na acha sentimita 2 juu ili maji yasimwagike pembeni. Mwagilia mpaka maji yatokee chini, kisha weka mahali penye mwanga bila jua kali kwa siku mbili au tatu.

Kina cha kupandia nacho kina mambo yake. Merigoldi na kosmosi unaweza kuzizika hadi karibu na majani ya mbegu, shina litatoa mizizi mipya, na mche uliorefuka kwa kukosa mwanga unapata kusimama. Petunia naiweka usawa uleule au chini kidogo tu. Zinia usiizike, shina lake huoza upesi.

Kuna maua ambayo utaratibu huu wa hatua hayaupendi. Popi na alizeti hushusha mzizi mkuu mapema, na ukiugusa mmea unasimama kukua au unakufa. Hizo nazipanda mbegu palepale zitakapokaa, au kwenye vikopo vya karatasi ninavyovizika vilivyo. Kwa hizo, kutumia chungu kikubwa tangu mwanzo ni sawa, ila unamwagilia kidogo kuzunguka mche tu mpaka ukue. Vivyo hivyo ukipanda miche mitano au sita pamoja kwenye chungu kimoja kipana, maana wanywaji ni wengi.

Sasa turudi kwa petunia zako. Zichimbue leo kwa kijiko, na udongo wake. Angalia mizizi: iliyo myeupe na migumu iache, ya kahawia na laini ikate kwa mkasi safi. Panda kila mche kwenye chungu cha sentimita 9 chenye udongo mpya, kikiwa cha udongo wa kuchoma ni bora zaidi kwa sababu hupumua pembeni. Mwagilia mara moja, kisha usirudie mpaka ukitia kidole uone sentimita 2 za juu zimekauka. Mbolea isubiri mpaka uone majani mapya mawili ya kijani kibichi kileleni, na hata hapo anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Yale ya manjano hayatarudi kuwa ya kijani, kwa hiyo usiyatumie kupima kama mche unapona, tazama kilele. Miche yangu iliyopona ilinionyesha jani jipya baada ya siku kumi hivi. Mche ambao shina lake limelainika usawa wa udongo, utoe na uutupe mbali na mingine. Vile vyungu vya sentimita 30 vioshe, uvikaushe na uviweke. Utavihitaji baadaye ukitaka kupanda petunia tatu tatu pamoja.