Mguu mmoja umepinda: majibu kwa wazazi

*Mwanangu ana mwaka na nusu. Tangu aanze kutembea, mguu wa kushoto umeingia tege, wa kulia umenyooka. Majirani wanasema nimwoteshe jua tu. (Mama, Kongwa)*

Mama, kilichonishtua ni huo mguu mmoja. Matege ya kawaida ya utotoni huwa miguu yote miwili, nayo hunyooka mtoto akikaribia miaka 2. Matege ya upungufu wa vitamini D nayo kwa kawaida hushika yote, mara nyingi na vifundo vya mikono, pale karibu na viganja, vikiwa vinene. Ukipinda mmoja peke yake, tuangalie ndani ya mfupa.

Iko hali adimu, wala si saratani: tishu ngumu kama kano hujikita upande wa ndani wa mfupa wa ugoko, chini kidogo ya goti. Hapo mfupa huwa kama umefungwa kamba. Upande wa nje unarefuka, wa ndani unabaki nyuma. Kwenye eksirei huonekana kibonyeo, kama alama ya dole gumba kwenye udongo wa chungu. Kwa watoto wengi hunyooka wenyewe, baada ya mwaka, miwili au zaidi. Kwa hiyo daktari akikwambia msubiri, hajakutupa, mradi anapima pembe ya mguu kila baada ya miezi kadhaa. Ikizidi, ndipo upasuaji. Lakini picha ni lazima, maana ugonjwa wa Blount, unaovuruga sehemu ya kukulia ya mfupa wa ugoko, hufanana na huu kwa macho, na huo ukiachwa huharibu goti.

*Nianzie wapi? (Bahi)*

Hospitali ya wilaya, upate picha na rufaa ya kuonana na daktari wa mifupa Dodoma mjini. Ile picha usiiache nyumbani.

*Nina manundu magumu magotini tangu utotoni. Sasa binti yangu wa miaka 7 anayo, na mkono unapinda. Tumerogwa? (Baba, Manyoni)*

Hapana, ndugu yangu. Ni manundu ya mfupa yenye kofia ya gegedu (tishu laini kuliko mfupa, kama ya sikio), na hurithiwa: kila mtoto wako ana nafasi nusu kwa nusu. Mkono unapinda kwa sababu mfupa wa upande wa kidole cha mwisho umebaki mfupi na unauvuta mwenzake. Apelekwe sasa, angali anakua. Nawe, nundu likianza kuuma au kukua ukubwani, nenda upesi. Mara chache hugeuka saratani.

*Mkandaji anaweza kuunyoosha mguu au mkono uliopinda?*

Hawezi. Na vijiti vya kufunga humwachia mtoto vidonda tu.