USIRUHUSU GRISI KWENYE RELI! (kwa aliyenunua mashine ya makasia huko Moshi)

Mkuu, simama hapo hapo. Huyo fundi asiguse reli.

Nimesoma uzi wako nikafika pale ulipoandika kwamba fundi pikipiki wa hapo Soweto kesho anakuja "kupiga grisi reli nzima" ili kiti kiache kukwaruza, presha ikanipanda, nikaanza kuandika. Mengine nimeyaona: mashine ya makasia ya feni na cheni (ile ya mazoezi, unakaa kwenye kiti kinachoenda mbele na nyuma juu ya reli huku unavuta mpini wa cheni kama unapiga kasia), umeipata mtumba, kiti kinakwaruza, cheni kavu, skrini haiwaki, na hujui uiweke barazani au ndani. Sawa. Ila grisi kwanza.

RELI HAIPAKWI KITU. Si grisi, si oili ya injini, si mafuta ya taa, si mafuta ya mgando ya watoto. Inafutwa. Kila ukimaliza mazoezi unachukua kitambaa chenye unyevu kidogo unaifuta toka mwanzo mpaka mwisho, unakausha, unaenda kuoga. Ukisahau yote nitakayoandika hapa, shika hilo.

Fundi pikipiki anawaza bushi na bawaba, chuma kinasuguana na chuma, weka grisi kiteleze, na kwa kazi yake yuko sahihi kabisa. Lakini kiti cha hii mashine hakitelezi, kinabingirika. Lala chini umulike kwa tochi ya simu, utaona vigurudumu vidogo, vya juu vinabeba uzito wako na vya chini vinazuia kiti kisinyanyuke, na ndani yake kuna beringi ambazo ziliwekwa grisi kiwandani zikafungwa. Kigurudumu ili kizunguke lazima kiishike reli. Ukipaka grisi kinakosa pa kushika, badala ya kuzunguka kinaburuzwa, na kikiburuzwa kinaliwa upande mmoja. Kikishaliwa upande mmoja ndo basi, hakirudi kuwa duara hata ukisomee dua.

Na hapo bado sijagusa vumbi. We uko Moshi, mi niko Arusha huku Muriet, vumbi letu tunalijua wenyewe. Kiangazi unafuta meza asubuhi, mchana unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Ni udongo wa volkano huu, ni laini unapita hata kwenye wavu wa dirisha lakini una chembe ngumu ndani. Likitua kwenye reli kavu unalifuta linatoka. Likitua kwenye grisi halitoki tena, linakorogeka nayo linakuwa uji mweusi, na wewe umekaa juu yake na uzito wako wote unaenda mbele unarudi nyuma, kwa mwendo wa kawaida wa mivuto 24 kwa dakika, nusu saa tu ushapita zaidi ya mara 700. Huo ni msasa mkuu, na umeuwasha mwenyewe.

Yangu niliipata Njiro kwa familia iliyokuwa inarudi kwao, kupitia dalali. Mashine nzuri, reli inang'aa. Dalali ndo akaja na ushauri wa bure, "chuma chochote kinataka grisi", akaleta na fundi wake, yule fundi akachota kwa kiganja akapaka kama anapewa posho kwa kilo. Na ubaya wa hii kitu ni kwamba wiki ya kwanza ni tamu! Kiti kimya, kinaenda chenyewe, unasema huyu fundi ni mtaalamu. Ndo maana watu wanashauriana huu ujinga, kila mtu anasimulia wiki ya kwanza.

Baada ya hapo ukaanza mstari mweusi kwenye suruali, nikadhani ni raba ya kiti. Kisha kiti kikawa kizito. Kisha ikaanza tak, tak, tak kila kikipita, mpaka wapangaji wenzangu wakawa wanauliza nafanya biashara gani humo ndani. Nikamwita fundi. Unajua alisemaje? "Grisi imeisha." Akaongeza!

Safari iliyofuata akavitoa vigurudumu vyote akavitumbukiza kwenye kopo la rangi lenye petroli. Vikatoka vimetakata, vinang'aa, hapo nikampa na hela ya soda. Petroli ilipenya mpaka ndani ya beringi ikaosha ile grisi ya kiwandani, ile pekee iliyokuwa na haki ya kuwepo. Ukikiweka kigurudumu sikioni ukakizungusha kwa kidole unasikia mchanga, krrr, kama hivyo. Havikuchukua muda, viwili vikakwama kabisa. Anayetaka kubishana humu aje Muriet, vipo kwenye kopo la maziwa ya unga nimevitunza, avizungushe mwenyewe alafu aniambie grisi haina shida.

Hapo hapo alikuwa ameshapaka na cheni. Cheni ya hii mashine inatoka na kurudi ndani kila ukivuta, kwa hiyo kila uchafu uliogandia kwenye grisi inaupeleka ndani kwenye gia ya feni, na kwenye hiyo gia ndo kuna klachi inayokamata feni ukivuta na kuachia ukirudi. Yangu ikaanza kuteleza. Unavuta kwa nguvu zote feni haishiki, mkono unakuja mtupu, mgongo unashtuka. Siku moja nilikaa chini dakika kadhaa nasikilizia kiuno, nikasema hii sasa ni hatari, si usumbufu tena.

Alafu nenda kitafute hicho kigurudumu. Nilizunguka maduka ya vifaa vya michezo mjini Arusha yote niliyoyajua, wananiletea spea za baiskeli. Cheni ya baiskeli pingili zake ni kubwa haiingii, vigurudumu vya milango ya aluminiamu havifanani hata kidogo, kuna jamaa akaniambia nichonge vya mbao. Mwisho nikaagiza nje. Usafirishaji ukazidi bei ya vifaa vyenyewe, juu yake ushuru, juu yake VAT ya 18%, juu yake kusubiri huku mashine imesimama ukutani watoto wanaanikia taulo. Yule dalali nikimpigia anasema yeye aliuza tu. Ushauri ulikuwa wa kwake mbona! Mtu asiyejua kitu aseme sijui, heshima haipungui. Hawa wanaotoa ushauri kwa sauti ya uhakika kwenye mali ya mwenzao ndo wanatuumiza.

Kwa hiyo kesho, badala ya fundi, chukua maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, kitambaa laini cheupe, cheupe makusudi uone kinachotoka. Futa reli juu, pembeni na chini, maana vile vigurudumu vya chini navyo vinagusa. Kama kuna uchafu uliogandamana tumia sponji laini ya vyombo, si steel wool, ile inaacha mikwaruzo. Kausha. Kisha futa vigurudumu kimoja kimoja huku unasukuma kiti taratibu ili vizunguke, utaona mkanda mweusi wa uchafu unatoka kwenye kitambaa, rudia mpaka kitambaa kibaki cheupe. Mara nyingi huko kukwaruza ni uchafu tu na jasho lililokauka, na jasho lina chumvi kwa hiyo usiliache likae. Hamna petroli. Hamna thina.

Cheni ndo inataka mafuta, lakini mafuta ya cherehani, yale mepesi ya kichupa, maduka ya vitambaa na vifaa vya mafundi cherehani wanayo. Weka kama kijiko cha chai kwenye kitambaa, vuta mpini mpaka mwisho mtu akushikie, pitisha kitambaa urefu wote wa cheni, achia irudi, vuta tena, alafu futa ya ziada kwa kitambaa kikavu. Ukigusa cheni kidole kitoke na alama ndogo tu ya mafuta. Kitabu cha Concept2, wale wa Vermont kule Marekani ambao mashine zao ndo zimejaa kwenye majimu, wanasema kila baada ya masaa 50 ya kutumia. Kama unapiga nusu saa kila siku hiyo ni miezi mitatu na kidogo. Kwa hiyo usije ukaingia na kichupa kila Jumamosi, mafuta mengi yanakusanya vumbi vile vile. Na yule aliyekwambia kwenye uzi wako upulizie dawa ya kopo ya kulegezea nati, usimsikilize, ile ni ya kulegeza kutu, inaosha mafuta yaliyopo kwenye cheni na kuiacha kavu, hao hao Concept2 wanaikataza. Akiipuliza kwenye reli ndo kabisa, tumerudi kule kule.

Barazani hapana, vumbi lote la barabara litaishia kwenye feni. Ndani, mbali na dirisha la barabarani, funika na shuka. Na mpini usiuache kwenye ile ndoano ya katikati ukimaliza, urudishe mpaka mbele kabisa unapoingia cheni, maana ndani kuna kamba ya mpira inayorudisha cheni, ukiacha mpini kwenye ndoano kamba inalala imevutika usiku kucha inachoka mapema. Hiyo kamba nayo haipo Arusha, usinifanye nianze tena.

Ila yote hayo yanasubirika. Cheni inaweza kukaa kavu mpaka wiki ijayo, haitakufa. Reli haisubiri kama fundi anakuja kesho. Mpigie SASA HIVI, usimtumie meseji maana anaweza asiisome akaja na kopo lake wakati we uko kazini, na uwaambie walioko nyumbani hakuna mtu kugusa ile mashine. Kama ameshanunua grisi mlipe hela yake akapakie pikipiki. Ukishafuta kiti kikaendelea kukwaruza, piga picha vigurudumu vyote, vya juu na vya chini, kwa karibu na tochi ikiwa imewaka, uziweke humu humu nitakwambia kipi kimeliwa.