Boma la zahanati limekwama kwenye lenta: diwani aanzie wapi?

Swali: Mimi ni diwani wa muhula wa kwanza katika kata ya vijijini. Kijiji kimoja wananchi walichangishana wakajenga boma la zahanati, likafika kwenye lenta, na misimu ya mvua inapita likiwa hivyo hivyo. Wakati wa kampeni mbunge wetu aliahidi mabati kupitia Mfuko wa Jimbo. Nikiuliza halmashauri naambiwa mradi "haupo kwenye mpango". Nikirudi kijijini naulizwa mimi. Hili ni jukumu la nani hasa, nianzie wapi, na je, nikinunua mabati kwa fedha zangu kuna tatizo?

Jibu: Mheshimiwa, boma lako linaonekana kwa macho lakini kwenye makabrasha ya halmashauri halipo. Hiyo ndiyo maana ya "haupo kwenye mpango", wala si lazima iwe kuna mtu anakuwekea kigingi. Nimefanya kazi ofisi ya mipango, na maboma ya namna hii tulikuwa tunayasikia kwa mara ya kwanza mkuu wa wilaya akiwa ziarani.

Tangu MMAM (Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi) ya mwaka 2007, ile iliyosema zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, utaratibu uliozoeleka ni kwamba wananchi wanapandisha ukuta na serikali inamalizia. Wengi wamebaki na nusu ya kwanza ya utaratibu huo. Nusu ya pili inataka karatasi, na hapo diwani ana nguvu kuliko anavyodhani, ingawa hana akaunti wala hasaini hundi yoyote.

Anzia kijijini. Tafuta muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulioamua kujenga zahanati, na orodha ya mahudhurio yenye saini. Kama haupo, mwenyekiti aitishe mkutano upya, uamuzi uandikwe, na ndani yake ziwekwe thamani za michango: fedha, matofali, mawe, mchanga, siku za kazi. Usidharau hesabu hiyo. Ndiyo itakayomwonyesha mtu wa mjini kwamba kijiji kimeshatoa chake.

Katika mkutano huo huo maliza suala la kiwanja. Kama eneo lilitolewa na mzee fulani kwa mdomo, pata maandishi yake, mashahidi na idhini ya halmashauri ya kijiji. Mzee akishafariki na jengo likishaezekwa, wanawe huja kudai shamba la baba, na hapo hata fedha zikiwepo kazi inasimama.

Kutoka hapo mradi unakwenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wake ni wewe, katibu ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa vijiji vyote ni wajumbe. Kikao hiki madiwani wengi wanakipuuza kwa sababu hakina posho ya maana, na ndicho kinachoamua kipaumbele cha kata ni nini. Kila mwenyekiti atakuja na boma lake. Ukiwaogopa ukaandika yote kuwa kipaumbele cha kwanza, umeandika sifuri. Mimi ningechagua moja, nikaweka mezani sababu (umbali wa kituo kilicho karibu, idadi ya watu, hatua ya ujenzi), na wengine nikawapangia miaka inayofuata kwa maandishi. Utanuniwa kwa muda, ila angalau boma moja litapata bati.

Muhtasari wa kata upelekwe kwa mkurugenzi kwa barua, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi. Katika barua hiyo omba mhandisi wa halmashauri afike kulikagua boma. Usiruke hatua hii. Ukuta uliokaa na mvua bila paa huenda umepasuka, msingi huenda ni mfupi, na mara nyingi fundi wa kijiji alijenga kwa ramani ya kichwani badala ya ramani ya TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa. Ni afadhali kujua sasa kwamba chumba cha kujifungulia ni kidogo mno kuliko kuambiwa siku ya ufunguzi. Mhandisi akimaliza atatoa makisio ya gharama: kupaua, kuezeka, plasta, sakafu, milango na madirisha, maji, umeme. Hakikisha choo, kichomea taka na shimo la kutupia kondo la nyuma vimo. Hivi vinasahaulika sana, na bila hivyo Mganga Mkuu wa Wilaya hawezi kukubali huduma zianze.

Huyo mganga mkuu naye apewe nakala mapema. Jengo likikamilika bado linahitaji usajili wa kituo, watumishi na mgao wa dawa kutoka MSD (Bohari ya Dawa), na yeye ndiye anayepaswa kuyaombea hayo kwenye bajeti. Zipo zahanati zilizopakwa rangi zikabaki zimefungwa kwa sababu hakuna aliyeomba nesi, wala nyumba ya kumweka.

Sasa Mfuko wa Jimbo. Watu wanaudhani ni mfuko wa suruali ya mbunge. Uliundwa kwa Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ya mwaka 2009. Fedha zinapitia halmashauri na zinakaguliwa na CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) kama fedha nyingine za umma. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati yake, lakini hakai peke yake: wamo madiwani na watendaji wa kata, na katibu ni afisa mipango wa halmashauri. Maana yake ahadi ya jukwaani haijawa uamuzi mpaka kamati ikae na kuandika. Nenda kwa afisa mipango, uliza kamati inakaa lini, na upeleke muhtasari pamoja na makisio kabla ya siku hiyo.

Na usiombe "zahanati". Mgao wa jimbo ukigawanywa kwa kata zote ni mdogo; lengo lake ni kuchochea, kama jina linavyosema. Omba kitu chenye mwanzo na mwisho: mbao, mabati na misumari ya kuezeka boma hili, kwa kiasi alichoandika mhandisi. Mbunge akiona ombi ambalo linaweza kukamilika na kuonekana, mara nyingi atalipigania mwenyewe. Mkumbushe ahadi yake kwa heshima na faragha. Ukimwanika kwenye mkutano wa hadhara utapigiwa makofi, na boma litabaki wazi.

Kazi zilizobaki zinatafutiwa fedha kwenye bajeti ya halmashauri, yaani mapato ya ndani au ruzuku ya serikali kuu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mabaraza hupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka wa kalenda. Diwani anayekuja kulalamika mwezi Mei ameshachelewa kwa mwaka huo. Ombi lako liwe limefika kabla ya Desemba, kisha ulifuatilie kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, ambako mambo hukatwa au huingizwa. Baraza likikutana kila robo mwaka, tumia taarifa yako ya kata kulitaja boma hilo kwa jina, na hakikisha limeingia kwenye muhtasari. Mkurugenzi hujibu kilichoandikwa.

Fedha zikitoka, kijiji kitaunda kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi ya vifaa. Wewe usiingie kwenye kamati hizo, na duka la shemeji yako lisiuze saruji hapo. Kazi yako ni kusimamia na kuuliza. Jambo jipya la kuwaandaa watu mapema: kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023, manunuzi yanapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, hivyo mafundi na wenye maduka ya vifaa wa kwenu wajisajili sasa. Wasipojisajili, kazi itakwenda kwa mtu wa mbali na vijana wa kijiji watabaki kushangaa.

Kuhusu fedha zako mwenyewe: kuchangia unaruhusiwa, lakini changia kama mwananchi mwingine. Mabati yakabidhiwe serikali ya kijiji, yaandikwe kwenye leja, upewe stakabadhi, na mhandisi awe ameshathibitisha unene na idadi, maana bati la geji nyembamba litaondolewa halmashauri ikija kumalizia. Usifanye hivyo karibu na uchaguzi, kwani Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inaweza kuugeuza msaada wako kuwa kesi. Na kabla hujatoa kwenye kijiji kimoja, fikiria vile vingine. Wiki inayofuata watakuwa mlangoni kwako na wao, na posho ya diwani unaijua.