Ametibiwa, lakini hajapona

Msomaji wa Ifakara anauliza: "Shikamoo Mwalimu. Redioni wamesema tiba ya kisukari imepatikana kwa kupandikiza seli. Mwenzangu anabisha kwamba kinachopandikizwa ni mpunga, seli huhamishwa. Nani kapatia?"

Marahaba. Mwenzako kakosea, na mpunga wake ndio unaomsuta. Ukihamisha kitu, kikishafika kazi imekwisha. Ukipandikiza, unang'oa mche kitaluni, unaupeleka shambani, kisha unangoja uone kama utashika. Seli hizi nazo hutolewa kwenye kongosho la mtu aliyefariki na kuingizwa katika mshipa unaopeleka damu kwenye ini la mgonjwa. Hukaa humo kwenye ini, na zikishika huanza kutoa insulini, kemikali ya mwili inayoshusha sukari katika damu. Makundi yake huitwa visiwa vya Langerhans, kwa jina la Mjerumani aliyeyaeleza mwaka 1869, na insulini yenyewe imepata jina kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa. Kwa hiyo kupandikiza ni sahihi kabisa.

Kilichonichoma katika barua yako ni hilo "tiba imepatikana". Nimelisikia mara nyingi mno, na kila mara linaniumiza.

Tiba ni kazi anayofanyiwa mgonjwa. Kupona ni hali anayoifikia, au asiifikie. La kwanza tumelitoa kwenye Kiarabu, la pili ni letu la Kibantu, na yamekaa jirani miaka yote bila kugombana. Msimamishe mama anayetoka zahanati na mtoto mgongoni, umuulize hali. Atakwambia: "Ametibiwa, lakini hajapona." Nani hapo hakuelewa? Igeuze: "Amepona, ingawa hakutibiwa." Bado inaeleweka, homa imeondoka yenyewe. Sasa mpe mama huyo Kiswahili cha mtangazaji wako, ambacho tiba na kupona ni kitu kimoja. Atabaki akisema, "Amepona, lakini hajapona," na wapita njia watamshangaa.

Tiba ya kisukari ilipatikana Toronto mwaka 1922, pale kijana wa miaka 14 alipochomwa insulini. Mtangazaji amechelewa miaka mia moja. Anachotaka tuamini ni kwamba watu wanapona, na hapo hesabu hazimuungi mkono. Mwaka 2000 madaktari wa Edmonton, Kanada, walitangaza kwamba wamewapandikizia seli wagonjwa 7 wa kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho kongosho limeacha kutoa insulini, na wote 7 wakaacha kuchomwa insulini. Dunia ilishangilia, na ilikuwa na haki. Kisha wakajaribiwa wagonjwa 36 katika vituo vya nchi kadhaa: baada ya mwaka mmoja 16 walikuwa hawahitaji insulini, baada ya miaka miwili wamebaki 5. Tena aliyepandikizwa humeza kila siku dawa za kutuliza kinga ya mwili, isije ikazishambulia seli hizo ngeni. Hayo ni matibabu, tena ya kusifiwa, hasa kwa mtu ambaye sukari yake hushuka ghafla akaanguka bila dalili.

Lugha yetu haijashindwa kusema kweli kuhusu maradhi. UKIMWI ulipotufika tulipata "dawa za kufubaza virusi". Kufubaza! Neno la kisu kilichopoteza makali na nguo iliyopauka, na hakuna aliyelisikia akadhani virusi vimekwisha mwilini. Kwa nini kwenye kisukari tuwe wavivu?

Jirani yangu ana mtoto wa miaka tisa anayechomwa insulini kila siku. Baada ya taarifa kama hiyo alinigongea mlango usiku, daftari la vipimo vya sukari mkononi, akiniuliza kama bado kuna haja ya kununua sindano za mwezi ujao. Nilimwambia anunue, tena asisubiri mwezi uishe.

Mtangazaji angesema: "Seli za kupandikizwa zimewawezesha baadhi ya wagonjwa wa kisukari kuacha insulini kwa muda." Sentensi moja, haizidi pumzi moja, na jirani yangu angelala.