Alikaa na pesa zako, riba ni haki yako

*Shangazi, niliachana na mume wangu mwaka 2021. Tulikubaliana kortini, ikaandikwa kwamba akipata malipo yake ya kustaafu atanipa Sh600,000 ndani ya siku 30. Alilipwa Septemba 2022. Nimemdai hadi nikachoka. Karo ya kifungua mimba nililipa kwa mkopo wa chama, nikaurudisha na riba. Sasa, zaidi ya miaka mitatu baadaye, anasema atatuma laki sita nikisaini kwamba sina dai tena. Nilipotaja riba, wifi alisema nina tamaa. Je, nina tamaa?*
*Mama Watatu, Kondele, Kisumu*

Pole sana, mwanangu. Naona neno hilo limekuchoma kuliko hata kule kucheleweshewa, kwa hiyo nianze nalo. Huna tamaa. Tangu Oktoba 2022 laki sita hizo ni zako, ila zilikaa mfukoni mwa mtu mwingine. Wewe ukaenda kukopa, ukalipa riba kwa sababu yeye amekalia chako. Hapo mwenye tamaa ni nani?

Tena laki sita za 2022 si laki sita za leo. Nenda soko la Kibuye uulize bei ya robota la mitumba ilivyokuwa wakati ule.

Sheria nayo iko upande wako. Makubaliano yaliyoandikwa kortini yana nguvu sawa na hukumu. Itoe hati yako uisome pole pole: je, imetaja riba? Kama iko kimya, kifungu cha 26 cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Madai kinachukulia kwamba korti iliamuru riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Kwa laki sita ni Sh36,000 kila mwaka. Miaka mitatu, Sh108,000. Wakili wake anaweza kubishania siku ya kuanza kuhesabu, lakini hawezi kusema umeitunga.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Usisaini karatasi hiyo. Hizo laki sita akizituma, zipokee, usizirudishe kwa hasira. Kisha mwandikie siku hiyo hiyo kwamba umepokea sehemu ya deni na riba bado unaidai. Ukisaini kwamba huna dai, utakuwa umeifunga kesi yako kwa mkono wako mwenyewe.

Usihangaike kuiandikia hazina yake ya pensheni. Ilishamlipa, na anayedaiwa sasa ni yeye. Akikataa, rudi korti ile ile uombe amri itekelezwe. Korti inaweza kufikia hata akaunti yake ya benki. Usikae sana, maana ingawa hukumu yenyewe huweza kudaiwa hadi miaka 12, riba iliyolimbikizwa zaidi ya miaka 6 hupotea.

Watoto usiwatume kumdai baba yao. Najua inavutia, kwa kuwa yeye hawezi kuwakatalia. Lakini deni hili ni la watu wazima wawili na lina karatasi.

Kama huna ada ya wakili, FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, wana ofisi hapo hapo Kisumu na husaidia wanawake katika kesi za familia. Beba nakala ya hati iliyopigwa muhuri wa korti, jumbe zake zote za simu na risiti za mkopo wa chama. Nenda wiki hii, kabla hajakuletea ile karatasi ya kusaini.